Somo moja la chuo, lisome mpaka chini

Mwezi uliopita mtoto wa shoga yake mama alikuja nyumbani kwetu Wete na karatasi mkononi. Amemaliza kidato cha nne, matokeo yake mazuri alhamdulillah, na anasubiri kuanza kidato cha tano Julai. Kwenye karatasi kaandika masomo matano: Kalkulasi (hesabu za vitu vinavyobadilika), Fizikia, Kemia, Biolojia na Sayansi ya Kompyuta, yote ya Advanced Placement, ile mitihani ya Marekani ambayo wengi wanaiita AP. Kaisoma mtandaoni na kaambiwa ukiifaulu, vyuo vya Marekani vinakufungulia mlango na kukupunguzia mwaka mzima wa masomo.

"Dada, wewe ulizisoma hizi kulekule. Nianze na lipi?"

Nilimuomba anipe siku mbili. Jibu nililompa ndilo ninaloliandika hapa, kwa sababu tangu hapo wamekuja wengine watatu na suali hilohilo, mmoja kutoka Chake na wawili kutoka Unguja, na naona vijana wetu wanauziwa nusu ya habari.

Kwanza tuelewane AP ni kitu gani. Ni masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu yanayosomeshwa katika skuli za sekondari. Yanasimamiwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani, na yalianza katika miaka ya 1950. Leo yanafika karibu masomo 40. Mwanafunzi anasoma mwaka mzima, mwezi wa Mei anafanya mtihani, na Julai anapata alama kuanzia 1 hadi 5. Alama 3 inahesabiwa kuwa umefaulu, lakini kila chuo kina uamuzi wake. Kimoja kinakubali 3 na kukusamehe somo la mwaka wa kwanza, chengine kinataka 5, na chengine hakikusamehei chochote hata uwe na 5 zako zote. Hilo la "kupunguziwa mwaka" linawezekana kwa baadhi ya watu katika baadhi ya vyuo. Si ahadi kwa kila anayefaulu.

Mimi nilikwenda Iowa nikiwa na miaka 16, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, nikae mwaka mmoja na kurudi. Wiki ya kwanza mshauri wa wanafunzi alinikalisha ofisini kwake akaniuliza nataka kusoma nini. Nilikuwa nimetoka Pemba nikiwa wa kwanza darasani miaka mitatu mfululizo, na nilitaka nikirudi nyumbani nirudi na kitu. Nikachagua AP tatu kwa mpigo: Kalkulasi, Biolojia na Historia ya Marekani. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia ndiyo.

Historia ndiyo iliyoniangusha. Kila usiku kulikuwa na kurasa thelathini za kusoma, na Kiingereza changu kilikuwa cha kitabu cha skuli: naelewa sentensi moja moja, lakini nikifika mwisho wa ukurasa nimeshasahau mwanzo ulisema nini. Katika mtihani wake kuna insha ambayo unapewa nyaraka saba, barua, hotuba, katuni ya gazeti, ramani, na ndani ya saa moja unatakiwa uzisome zote na ujenge hoja yako mwenyewe kutokana nazo. Huulizwi vita vilianza mwaka gani. Unaulizwa unasemaje, na ushahidi wako uko wapi. Mimi nilikuwa sijawahi kuulizwa hivyo maisha yangu yote.

Ilipofika Oktoba nilikuwa nalala masaa manne tu kwa usiku, na hata hesabu, somo nililolipenda tangu mdogo, alama zilianza kushuka. Mshauri akaniita na kunambia niache Historia. Nililia kama nimefiwa. Nikampigia mama simu, huku jioni, Wete usiku wa manane, na yeye hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza tu, "Mwanangu, umeshamuona mtu anapanda mikarafuu miwili kwa wakati mmoja?" Kesho yake nikaliacha.

Nawaeleza haya kwa sababu msichana wa ile karatasi alikuwa yuko palepale nilipokuwa mimi. Ana akili, ana hamu, na amepanga kupanda mikarafuu mitano.

Sasa nizungumze juu ya Kalkulasi, maana hapo ndipo nilipopata nilichorudi nacho.

Mwezi wa pili wa masomo mwalimu alitupa suali la tangi. Maji yanaingia kwenye tangi kwa kiwango kinachobadilika kila wakati, na chini kuna tundu linalovuja, nalo kiwango chake kinabadilika. Umepewa fomula mbili. Je, ikifika saa ya tatu, maji ndani ya tangi yanaongezeka au yanapungua? Nilikokotoa haraka: yanayoingia lita 40 kwa saa, yanayotoka lita 52 kwa saa. Nikaandika neno moja, "Yanapungua", nikaenda suali linalofuata. Jibu lilikuwa sahihi. Karatasi ilirudi na sifuri, na pembeni kwa kalamu nyekundu imeandikwa: Kwa nini?

Nilimfuata baada ya darasa nikiwa nimekasirika. Akanambia kwa upole kwamba jibu lisilo na sababu hawezi kulitafautisha na la mtu aliyebahatisha. Kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni mstari mmoja tu: maji yanapungua kwa sababu saa ya tatu kiwango kinachoingia, lita 40 kwa saa, ni kidogo kuliko kinachotoka, lita 52 kwa saa. Basi.

Sehemu ya pili ya suali hilo ilikuwa kubwa zaidi. Ni saa ngapi maji yalikuwa mengi kuliko wakati wote? Nilizoea kutafuta pale viwango viwili vinapolingana, napiga mstari chini ya jibu, namaliza. Mwalimu akaniuliza, na mwanzo umeangalia? Na mwisho? Huenda tangi lilikuwa limejaa zaidi kabla hata mfereji haujafunguliwa. Ikabidi nikokotoe maji yaliyokuwemo mwanzo, yaliyokuwemo mwisho, na yaliyokuwemo pale viwango vilipolingana, nilinganishe yote matatu ndipo niseme. Tangu siku ile kila nikiona jibu najiuliza nimeangalia mwanzo na mwisho. Hata nikinunua kitu dukani.

Mtihani wenyewe wa Kalkulasi, ule unaoitwa AB, unachukua saa tatu na robo. Una masuali 45 ya kuchagua jibu na masuali 6 ya kuandika kazi yako yote, na kila kundi lina uzito wa nusu ya alama. Yale sita, kila moja lina alama 9, na nyingi kati ya hizo hazitolewi kwa jibu la mwisho. Zinatolewa kwa hatua: umeweka fomula sawa, umetaja vipimo, umeeleza sababu. Na masuali ya kuchagua msiyaache wazi hata moja, kwa sababu jibu lisilo sahihi halikatwi alama.

Mwezi wa Julai, nimesharudi Pemba, matokeo yakaja: Kalkulasi 4, Biolojia 2. Baba aliichapisha karatasi ile kwenye kibanda cha fotokopi akaitia ndani ya bahasha ya plastiki pamoja na vyeti vyetu vyote. Na bahasha hiyo haikufunguliwa tena. Sikupeleka maombi Marekani, na nilipoomba chuo hapa nyumbani hakuna aliyeniuliza habari ya AP. Nilichoulizwa ni kidato cha sita. Mwenye cheti cha kidato cha sita anayeomba shahada nchini anatakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili makuu yanayohusiana na fani yake, yenye jumla isiyopungua alama 4 kwa hesabu ya tume ya vyuo vikuu, ambapo A ni 5 na E ni 1. Hiyo 4 ya Marekani haijazi pengo hapo.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia msichana yule ni kujiuliza anakwenda wapi. Kama ana nia ya kweli ya kuomba vyuo vya Marekani, na amekaa na wazazi wakazungumza habari ya fedha, AP moja au mbili zenye alama nzuri zitamsaidia kuonesha uwezo wake. Kama nia ni SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au chuo chochote cha hapa nchini, basi asilipe zaidi ya dola 100 kwa kila mtihani mmoja. Fedha hizo kwa familia ya Mtambwe ni nyingi mno kuzitoa kwa karatasi itakayolala kwenye bahasha. Masomo yenyewe ayachukue, kwa sababu hayo ni bure.

Na kweli ni bure. Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, wana Kalkulasi, Biolojia na Kemia za kiwango hicho, somo kwa somo, na mazoezi yake. College Board wenyewe wanaweka hadharani yale masuali ya kuandika ya miaka iliyopita, pamoja na mwongozo wa kusahihishia. Mwongozo huo ndio wenye thamani kuliko vyote, maana unaonesha kila alama imetolewa kwa neno gani. Kama bando ni tabu, siku ukiwa pahala penye intaneti nzuri pakua ya miaka mitano, yachapishe, inatosha mwaka mzima. Fanya suali moja kwa dakika kumi na tano bila kutizama kitu, halafu chukua mwongozo ujisahihishe kwa kalamu ya rangi nyengine. Usijionee huruma. Ukiona umepata jibu lakini hukuandika sababu, jinyime alama.

Hapa nataka niseme kitu ambacho hakisemwi. Kidato cha tano na cha sita chetu si kidogo. Hesabu za juu tunazosoma kwenye PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) zina kalkulasi hiyohiyo, na juu yake kuna namba changamano, vekta na mengine ambayo Kalkulasi AB haiyagusi kabisa. Niliporudi na kuingia kidato cha tano nilikuta nina mengi mapya ya kusoma. Ila namna tulivyokuwa tunayasoma ilikuwa ni kukusanya notisi, kukariri njia, na kufukuzana na mitihani iliyopita tuisheni hadi tuisheni. Mimi nilikuwa na ile "Kwa nini?" nyekundu kichwani, na nilipoiingiza kwenye Fizikia na Kemia, masomo mawili ambayo sikuyasoma Marekani hata siku moja, yakafunguka. Kama kuna faida nimeipata Iowa ni hiyo, na haihitaji ndege.

Kwa hiyo, mdogo wangu, somo moja. Lile unalolipenda kiasi kwamba hata usipopewa cheti utalisoma. Lisome mpaka chini, mpaka uweze kumueleza mama yako jikoni na yeye akuulize suali la maana.

Kiingereza nacho usikichukulie kama jambo la pembeni. Sisi wengi wetu tumesoma msingi kwa Kiswahili, na tukifika sekondari tunajifunza fomula kabla ya lugha ya kuielezea. Nilichofanya mimi, na ninachowafanyisha vijana wanaokuja kwangu jioni, ni kueleza suali kwanza kwa Kiswahili kwa sauti, yote, mwanzo hadi mwisho, mpaka hoja isimame. Baada ya hapo ndipo tunaandika kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Mtu akikwama kwenye Kiswahili tatizo ni hesabu. Akikwama kwenye Kiingereza tu, hesabu anayo, na lugha itakuja kwa mazoezi. Wengi wamejiona hawana akili miaka mingi kumbe walikosa maneno tu.

Kwa wale watakaoamua kufanya mtihani wenyewe, angalieni kalenda. AP hufanywa Mei, na mtihani wa taifa wa kidato cha sita nao ni Mei. Usithubutu kuviweka pamoja. Kama ni kufanya, iwe Mei ya kidato cha tano. Si lazima uwe umesoma darasa lake ndipo uruhusiwe kuufanya, lakini lazima ipatikane skuli au kituo kilichoidhinishwa kitakachokupokea, na usajili hufanyika miezi mingi kabla. Ulizeni kituo kwanza, kwa maandishi, kabla ya kutoa hata shilingi. Na hesabuni nauli ya boti na malazi kama kituo hakipo kisiwani.

Wazazi wangu wapendwa, na nyinyi nakuombeni. Mtoto akisema nataka kuacha moja kati ya masomo aliyojipangia, msimwambie amevunjika moyo. Mama yangu angenambia vumilia, ningerudi na alama mbovu katika yote matatu na ninaogopa ningeichukia hesabu.

Yule msichana amekata masomo manne. Amebakisha Kalkulasi. Anataka kujaribu mtihani wa kuingilia wa IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, kampasi yao iliyofunguliwa Bweleo mwaka 2023, ambako kuna shahada ya kwanza ya sayansi ya data na akili bandia, na hesabu ndiyo ngazi yake. Ni Unguja, hahitaji viza, na baba yake ameridhika nalo. Anakuja kwangu Jumamosi na Jumanne baada ya Asri. Juzi tumefika suali la tangi, na bado tumo ndani yake.