Lifti, mizani na uzito unaopanda na kushuka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilipanda lifti nikiwa na mizani ya kujipimia uzito, ile ya mshale. Nikaiweka sakafuni nikasimama juu yake. Lifti ilipoanza kupanda mshale ukaruka hadi 66, ingawa mimi nina kilo 60. Katikati ya safari ukarudi 60, na tulipokaribia kufika ukashuka hadi 54. Je, mizani ni mbovu, au uzito hubadilika kweli? La pili: wanaanga huelea kwa sababu kule juu hakuna nguvu ya mvutano? La tatu ni la rafiki yangu. Anasema lifti ikikatika kamba, ukiruka juu sekunde ya mwisho kabla haijagonga chini unapona. Ana hoja?

JIBU: Marahaba. Mizani yako ni nzima, na wala hukunenepa kilo sita ghafla. Namba zote tatu ni za kweli. Kinachokuchanganya ni kudhani kwamba mizani hupima jinsi Dunia inavyokuvuta. Sivyo. Ndani ya mizani ya mshale kuna wenzo na springi, na springi haina habari na Dunia. Inajua tu imekandamizwa kiasi gani. Mtengenezaji amechukua mkandamizo huo, akaugawa kwa 9.8 (Dunia huvuta kila kilo moja kwa nyutoni 9.8; nyutoni ni kipimo cha nguvu) na kuuandika kama kilo, akitegemea kwamba utaiweka mahali ambapo sakafu haibadilishi kasi. Ulipoingia nayo kwenye lifti ulikiuka sharti hilo. (Umebahatika kuwa na ya mshale. Nyingi za kidijitali husubiri namba itulie kisha huigandisha, kwa hiyo usingeona kitu.)

Tupige hesabu. Dunia inauvuta mwili wa kilo 60 kwa nyutoni 588, yaani 60 mara 9.8. Nguvu hiyo haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana tangu ghorofa ya chini hadi ya juu. Iliyobadilika ni nguvu ya pili: mizani inavyokusukuma wewe kwenda juu. Lifti ikiwa imesimama, nguvu hizo mbili ni sawa. Lakini ili uanze kupanda, msukumo wa kwenda juu lazima uuzidi mvuto wa kwenda chini, la sivyo ungebaki pale pale. Mshale kufika 66 maana yake ni kwamba ulisukumwa kwa nyutoni 647 hivi. Ziada ni nyutoni 59. Igawe kwa kilo zako 60, unapata karibu mita 1 kwa sekunde, kila sekunde. Huo ndio mchapuko wa lifti hiyo, yaani kiwango ambacho kasi yake ilikuwa ikiongezeka. Umeupima kwa mizani ya nyumbani, na jibu ni zuri tu.

Katikati ya safari lifti ilikuwa inakwenda kwa kasi ile ile, haiongezi wala haipunguzi. Hapo mizani husoma 60 sawasawa na ukiwa umesimama chini, hata lifti ingekuwa inapaa mita 10 kila sekunde. Hili wengi hawalikubali kirahisi. Wanahisi kwamba kitu kinachopanda lazima kiwe kinasukumwa zaidi ya kinavyovutwa. Hapana. Nguvu ya ziada inahitajika kubadilisha mwendo, si kuuendeleza.

Ilipokaribia kufika, lifti ilianza kupunguza kasi. Wewe ulikuwa bado unapanda, ila mchapuko ulikuwa umegeuka na kuelekea chini, kwa hiyo mizani ikalegeza msukumo hadi 54. Hapa ndipo pa kuwa makini, maana mitihani hupenda kutega hapa: mizani haijali unaelekea wapi, inajali kasi yako inabadilikia upande gani. Lifti inayopanda huku ikijiandaa kusimama, na lifti inayoanza tu safari ya kushuka, zote mbili hupunguza usomaji. Ukishuka nayo utaona mpangilio uliogeuka: 54 kwanza, 66 mwishoni.

Sasa, uzito wako ulibadilika au haukubadilika? Ukiniuliza kuhusu mvuto wa Dunia, haukubadilika. Ukiniuliza kuhusu kile ulichokihisi miguuni na tumboni, kilibadilika, na mizani ilisema kweli. Kiasi cha mwili wenyewe, ambacho vitabu hukiita tungamo, kilikuwa kilo 60 muda wote. Kama ungeingia na mizani ya sahani mbili, wewe upande mmoja na mawe ya kilo 60 upande wa pili, isingeyumba hata kidogo, kwa sababu lifti ingewasukuma nyote kwa kadiri ile ile.

Jambo ambalo watu hushangaa kulisikia ni kwamba mwili hauna kiungo cha kuhisi mvuto wa Dunia. Mvuto huo hushika kila chembe ya mwili kwa wakati mmoja, haubonyezi popote. Unachokihisi ni sakafu inavyokukatalia kuanguka: nyayo zinabonyea, uti wa mgongo unabeba kichwa, matumbo yananing'inia kwenye mishikizo yake. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo mno vya kalsiamu kabonati vilivyokaa juu ya vinyweleo, navyo huinamisha vinyweleo hivyo pale kichwa kinaposukumwa. Ondoa sakafu, na vyote hivyo vinanyamaza. Albert Einstein alikuwa mtumishi wa ofisi ya hataza jijini Bern mwaka 1907 alipong'amua kwamba mtu anayeanguka hahisi uzito wake, na wazo hilo likamfikisha kwenye nadharia yake ya mvutano.

Ndiyo maana swali lako la pili karibu limeshajijibu. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko takriban kilomita 400 juu ya ardhi. Kutoka kitovu cha Dunia hadi usoni pake ni kilomita 6,371, kwa hiyo wanaanga hawajaenda mbali hata kidogo. Mvuto pale ni karibu asilimia 89 ya huu wa hapa chini. Kama pangejengwa mnara wa urefu huo, nawe ukasimama kileleni na mizani yako, ingesoma kilo 53 hivi. Ungetembea kama kawaida, usingeelea.

Wanaelea kwa sababu wanaanguka, wao pamoja na kituo chao. Kila sekunde kituo huanguka mita 4.3 hivi kuelekea Dunia. Lakini katika sekunde hiyo hiyo kinakwenda mbele karibu kilomita 7.7, na katika umbali huo uso wa Dunia nao unakuwa umejipinda kwenda chini kwa mita hizo hizo. Basi kinaanguka bila kuikaribia ardhi, na kila baada ya dakika 90 hivi kimemaliza mzunguko. Sakafu ya kituo haiwezi kumsukuma mtu kwa sababu inaanguka sambamba naye.

Utasikia maelezo mengine, kwamba kule nguvu mbili zinalingana, moja ikivuta ndani na nyingine nje. Yakatae. Nguvu zikilingana mwendo haupindi. Kituo kingeondoka kwa mstari mnyoofu kisionekane tena. Kinazunguka kwa sababu mvuto haujalinganishwa na chochote. Na ukitaka ushahidi kwamba kuelea hakutokani na kuwa mbali, wanaanga hufanyia mazoezi ndani ya ndege inayorushwa kwa njia ya upinde angani: kwa sekunde 20 hadi 25 kila mmoja huelea, ndani kabisa ya angahewa. Kule kituoni mizani yako isingesoma kitu, hivyo wamewahi kupimwa kwa kiti cha springi kinachoyumba mbele na nyuma. Mwenye tungamo kubwa huyumba polepole zaidi.

La rafiki yako ni fupi. Chukua lifti inayoanguka mita 20 bila kizuizi. Inafika chini baada ya sekunde mbili, ikiwa na kasi ya karibu kilomita 71 kwa saa. Mtu anayeweza kujirusha sentimita 40 juu huondoka sakafuni kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa hivi. Toa: bado anaigonga sakafu kwa 61. Hapo nimemsaidia mno, maana lazima aotee sehemu ndogo sana ya sekunde ndani ya chumba asichoona nje. Akiwahi, atapiga kichwa darini kwanza. Na kumbuka kwamba ndani ya lifti inayoanguka mizani inasoma sifuri, miguu haina inachokikanyaga. Akikunja magoti ajiandae kuruka, miguu ndiyo itakayopanda.

Mwambie pia kwamba hali anayoiogopa ilishapatiwa dawa. Mwaka 1854 mvumbuzi Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la lifti yake kwenye maonyesho jijini New York, akainuliwa juu mbele ya watu, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu likanaswa na meno ya chuma pembeni. Lifti za abiria za leo huning'inizwa kwa kamba kadhaa za chuma, na zina kidhibiti kinachozunguka pamoja na mwendo: kasi ikipita kiwango kilichowekwa, breki huzibana reli za pembeni, kamba ziwepo zisiwepo. Likitokea lolote, lifti husimama katikati ya ghorofa. Hapo mtu abonyeze kengele na asubiri ndani. Asijaribu kufungua mlango atoke mwenyewe, maana hatari kubwa zaidi ni lile tundu la wazi lililo chini ya lifti.