Mwanangu, lile swali lako la bangi

Mwanangu, marahaba, salamu zimefika. Sasa hilo swali lako, eti huyo rasta mnayekaa naye anasema bangi ni jani takatifu tangu enzi za Nabii Suleimani na unaniuliza mama ni kweli au anatupiga kamba. Nilicheka, nikamkumbuka bibi yako alivyokuwa anawanywesha kuku wenye kideri maji ya majani ya bangi (walikufa vilevile).

Hajadanganya sana, kachanganya madesa tu. Kuna sehemu inaitwa Tel Arad, kusini mwa Israeli, ilikuwa na kihekalu cha watu wa Yuda karne ya 8 K.K., mlangoni pa patakatifu pake zikakutwa madhabahu mbili za mawe zina masizi juu, zimechimbuliwa miaka ya 1960 huko na zikakaa weee mpaka 2020 ndio majibu ya maabara yanatoka, kubwa ilichomewa ubani na mafuta ya mnyama, ndogo bangi iliyochanganywa na mavi ya mnyama ili iungue taratibu. Mavi! Hilo najua hakukwambia.

Ila hiyo ganja ya Marasta haikutoka huko. Jina lenyewe ni la Kihindi, kama hili letu la bangi linavyotokana na bhang, ile wanayokunywa na maziwa siku ya Holi, sikukuu yao ya Kihindu. Wahindi walianza kupelekwa Jamaika kufanya vibarua vya mkataba mwaka 1845 wakaenda nayo, Urasta umekuja kuzaliwa miaka ya 1930, kwa hiyo rafiki yako amshukuru Mhindi kwanza. Kwetu Waislamu wako mafakiri wa Kisufi waliokuwa wanaila, mwanachuoni Ibn Taymiyya akasema hukumu yake ni ya pombe, mtu achapwe.

Ninaowapenda mie ni Waluluwa wa Kasai, hapo Kongo. Karne ya 19, chini ya chifu wao Kalamba Mukenge, walichoma hirizi na sanamu zao za mizimu za zamani wakajiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Wakakubaliana kijijini hakuna kutembea na silaha, wakisalimiana wanasema "moyo", maana yake uhai, na jioni wanaume wanakaa uwanjani kuvuta kwenye buyu moja kubwa linazunguka, kila mtu na kikohozi chake. Sio kujificha nyuma ya choo kama nyie. Halafu sikia hii, Wissmann, yule Mjerumani aliyepita kwao 1881, aliandika kuwa mtu akifanya kosa adhabu yake ni kuvutishwa hiyohiyo bangi, buyu baada ya buyu, mpaka azimie.

Sasa muulize huyo mwenzio hiyo ibada anaiweza? Na kodi ya mwezi huu kashalipa nusu yake au bado ni wewe?

Mama