"Anaingia kulia": ni upande au ni machozi?

SWALI: Naongoza Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, kwa Kiswahili katika ukumbi wa kisasa, watazamaji wakiwa wamekaa pande tatu. Kwenye onyesho la Lady Macbeth kutembea usingizini niliandika: "Anaingia kulia, ameshika mshumaa." Mwigizaji akaingia kwa kushoto, analia, na anashikilia kwamba amefuata maandishi. Je, Kiswahili changu ni kibovu? Na bango letu linalosema "Tanzia ya Macbeth" limezua ubishi. Lina kosa gani?

JIBU: Kiswahili chako si kibovu, na mwigizaji wako naye hana kosa. "Anaingia kulia" imejengwa sawasawa na "anaingia kuoga" au "amekwenda kulala": kitenzi cha pili kinataja shabaha ya kile cha kwanza. Kama ungetaka aje machozi yakimtoka ungeandika "anaingia akilia", kwa hiyo msomaji mtulivu angeweza kukuelewa. Lakini mazoezini nani ana utulivu huo, nakala mkono mmoja, mshumaa mkono wa pili? Hata ukimsomea kwa sauti hukumsaidia, maana mkazo unabaki palepale, kwenye "li", iwe ni mkono, ni kilio, au ni meza ya kulia. (Na karamu ya Macbeth inataka meza ya kulia. Ukiamua iwekwe upande huohuo, pole.)

Tiba ya haraka ni kutoliacha neno hilo peke yake. Andika "anaingia kwa upande wa kulia", au "kwa mkono wa kuume". Kuume lina harufu ya Biblia, ila sidhani kama harufu hiyo inamdhuru Shakespeare.

Neno linalonitia wasiwasi zaidi hukuliuliza, nalo ni "kutoka". Soma hii: "Banquo anatoka kushoto." Je, anaondoka jukwaani kwa kupitia kushoto, au ndiyo kwanza anakuja, akitokea huko? Kiswahili kinakubali yote mawili. Anayetoka sokoni tunampokea, anayetoka ndani tunamuaga. Katika onyesho la nne la sehemu ya tatu, mzuka wa Banquo, rafiki ambaye Macbeth ameamuru auawe, huja mara mbili na kupotea mara mbili, na ukiandika "unatoka" hapo, mtu wa taa atawasha pale ulipotaka azime. Mimi ningeweka "anaingia" na "anaondoka" kwa watu wote, kisha mzuka ningeupa vitenzi vyake: unatokea, unatoweka. Toleo la 1623, ambalo ndimo Macbeth ilimochapishwa kwa mara ya kwanza, linasema mzuka unaingia, kisha unaketi kwenye nafasi ya Macbeth, lakini halisemi unaondoka lini. Maelekezo ya kuondoka yaliongezwa na wahariri wa baadaye. Kwa hiyo hapo una uhuru, na uhuru huo unahitaji kitenzi kisicho na sura mbili.

Utaona nimeandika "unaketi". Mzuka ni wa ngeli ya u-i, sawa na mti. Wapo waongozaji wanaoacha kiti kitupu, Macbeth akitetemeka mbele ya kitu ambacho watazamaji hawakioni. Hapo "unaketi" inakaa vizuri. Lakini kama kuna mwigizaji mwenye damu usoni anayevuta kiti na kukaa, sitakulaumu ukiandika "anaketi". Chagua moja tu, halafu usiyumbe kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Angalia pia "nyuma ya jukwaa". Ukiandika kwamba wachawi wanasimama nyuma ya jukwaa, watakwenda kusimama kwenye vyumba vya kuvalia, wasionekane na mtu. "Mbele ya jukwaa" nayo itawashusha chini kwa watazamaji. Sema "jukwaani, kwa nyuma" na "jukwaani, kwa mbele".

Sasa tuje kwenye ukumbi wako. Katika maigizo ya Kiingereza, kulia ni kulia kwa mwigizaji anayewatazama watazamaji. Wako wamekaa pande tatu, basi awatazame wapi? Ufaransa waliachana na kulia na kushoto zamani. Husema upande wa ua (yaani uwanja wa jumba, si ua la bustanini) na upande wa bustani, desturi iliyotokana na ukumbi wa jumba la kifalme la Tuileries mjini Paris, ambao ulikuwa kati ya ua na bustani. Nawe zibatize pande zako kwa majina ya mchezo wenyewe: upande wa ngome, upande wa nyika. "Lady Macbeth anaingia kutoka ngomeni, ameshika mshumaa." Hakuna atakayelia bila kuambiwa, na hata fundi wa taa ambaye hajasoma mchezo atajua pa kuelekeza taa.

Kuhusu bango, anayepinga yuko sahihi. Tanzia ni jina halali la aina hii ya mchezo, lakini ni hilohilo tunalolitumia kwa tangazo la kifo. "Tanzia ya Macbeth", tena juu ya picha ya mtu asiyecheka, itawafanya wapita njia waulize mazishi ni lini. Andika "Macbeth", chini yake "tamthilia ya Shakespeare", basi. Samuel Mushi alipoitafsiri mwaka 1968 iliitwa Makbeth tu. Ukitaka lazima watu wajue kwamba ni tanzia, sema "mchezo wa tanzia". Na jina lako liandikwe chini ya "Mwongozaji". Mkurugenzi ni wa kampuni.