Jibu: Nimenunua msumeno wa umeme na ruta (mashine ya kuchonga mbao), nikajifunzie wapi?
Mkuu, umesema vipo ndani na unaogopa hata kuviwasha, hiyo hofu usiidharau kabisa. VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali, wana kozi fupi za useremala, kaulizie Chang'ombe hapo Dar, au nenda Keko kwa mafundi fanicha umwombe fundi akusimamie wiki mbili hivi, ila beba mashine yako mwenyewe maana kila moja ina tabia zake. Cha kwanza akuonyeshe kuseti kina cha bledi, meno yatokeze chini ya ubao kama milimita 5 tu, na ubao uegemee vizuri usibonyee katikati, maana ubao ukiibana bledi mashine inakurukia. Mimi ilinirukia nikipasua mninga, hadi leo naukumbuka ule mlio. Na ukibadilisha bledi chomoa plagi, kuzima swichi haitoshi.