Wageni wanakuja mara moja, hawarudi: tuwapokeeje watu wenye usonji?

SWALI

Salamu daktari. Mimi ni mratibu wa kikundi cha watu wazima wenye usonji (autism, hali ya ubongo inayogusa mawasiliano na hisi) na wazazi wa watoto wenye usonji hapa Kisumu. Tunakutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa karibu na Kondele. Tulianza watu 6, sasa tuko 14. Shida yetu ni wageni. Mwaka huu tumepokea wageni 9 na waliorudi ni 2 tu. Na hatuwapokei vibaya! Tunawaimbia, kila mtu anawapa mkono, wanasimama kujitambulisha, tunawapigia makofi ya kilo, kisha chai na mandazi. Kijana mmoja alitoka nje zamu yake ya kujitambulisha ilipokaribia, akakaa chini ya mwembe mpaka mkutano ukaisha. Mama mwingine alikuja na bintiye wa miaka 19. Tangu siku hiyo hashiki simu yangu. Kamati inasema tuwaandalie wageni zawadi. Tunakosea wapi? Na je, hao 7 niwapigie simu?

Mratibu, Kondele

JIBU

Mama mratibu, nianze na huyo kijana wa mwembe, maana yeye amekujibu kabla yangu. Hakwenda nyumbani. Matatu ziko hapo hapo Kondele, angetaka kuondoka angeondoka. Alikaa mpaka mwisho, pale mahali pekee kwenye kiwanja chenu ambapo hakuna aliyemshika, aliyemwimbia wala aliyemuuliza jina. Kwenu alipapenda. Kilichomshinda ni mapokezi.

Najua neno hilo linauma kwa mtu aliyeamka mapema kukanda unga wa mandazi. Sisi huku tumelelewa kwamba mgeni hupokewa kwa kelele za furaha, na mwenyeji anayepokea kimya huonekana ana kinyongo. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku. Nilikuwa naongoza kikao, akaja kijana wa miaka kama 20, nikamwambia kwa upole kabisa, "Simama kaka, tuambie jina lako na unakotoka." Akasimama. Midomo ilitikisika, sauti haikutoka. Nami nikaongeza, "Usiogope, hapa ni nyumbani," watu wakampigia makofi ya kumtia moyo. Alitoka akiwa ameziba masikio na sikumwona tena. Nilidhani ni aibu yake tu. Ilinichukua muda kukiri kwamba nilikuwa nimerundika mzigo juu ya mtu aliyekuwa tayari amebeba wa kumtosha.

Mzigo wenyewe ni huu. Daktari aitwaye Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wenye usonji aliowaona Baltimore, Marekani, macho ya matabibu yaliangukia zaidi usemi na mahusiano. Lakini watu wenye usonji wamesema kwa miaka mingi kwamba kinachowachosha mno ni hisi zao, na mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa kutambua hali hizi, DSM-5, uliliweka jambo hilo wazi miongoni mwa vigezo: mtu anaweza kuhisi sauti, mguso, mwanga au harufu kupita kiasi, au asihisi vya kutosha. Sasa mchukue huyo mtu, umtoe kwenye matatu yenye muziki wa kutikisa madirisha, apite kati ya honi za bodaboda, aingie kwenye ukumbi wa mabati saa nane, jua la Kisumu likiwa juu ya bati. Apewe mikono 14, kila mmoja na jasho lake na nguvu yake. Aimbiwe. Apigiwe makofi ambayo hajui yataanza lini wala kukoma lini. Halafu aulizwe swali mbele ya watu, na jibu litoke hapo hapo. Wengi wenye usonji huhitaji sekunde kadhaa zaidi kulipanga swali kichwani kabla jibu halijapatikana, na sisi tukiona kimya tunauliza tena kwa maneno mengine, basi anaanza upya.

Kwa hiyo zawadi ziacheni. Mnachotakiwa kumpa mgeni ni taarifa kabla hajafika, na ruhusa ya kutofanya chochote akishafika.

Taarifa kwanza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu yenye matunda mengi kuliko zote. Mtu mwenye usonji anayekwenda mahali asipopajua hutumia siku nzima, pengine wiki, akijaribu kukisia: mlango uko wapi, nani ataongea naye, nitaulizwa nini, nitatokaje. Ukimjibu maswali hayo mapema kwa maandishi, umeshampokea nusu. Tuma ujumbe kama huu (saa nimeziweka za asubuhi, sababu nitaieleza mbele):

"Mkutano ni Jumamosi, saa nne hadi saa sita. Geti ni la bluu, picha yake ndiyo hii. Nitakuwa getini, nimevaa fulana ya kijani. Tutakuwa watu kama 12. Hutaombwa kusimama wala kusema. Hatupeani mikono. Chai ni saa tano. Ukitaka kubeba chakula chako, beba. Ukichoka kuna viti 2 chini ya mwembe. Unaweza kwenda nyumbani wakati wowote bila kuaga. Huhitaji kunijibu."

Angalia kila sentensi inaahidi kitu kimoja, na kila ahadi mnaweza kuitimiza. Usiandike "tutakuwa wachache" kama hujui idadi. Usiandike "njoo ujisikie nyumbani"; halimwambii akae wapi. Na jambo likibadilika, mwambie mara moja. Huku kwetu Jumamosi ni siku ya mazishi, na ukumbi unaweza kuchukuliwa na matanga usiku mmoja kabla. Mgeni akifika akakuta turubai na spika kubwa badala ya fulana yako ya kijani, umempoteza.

Hilo la kwenda bila kuaga na la kukataa chai lizungumzeni kwenye kamati mpaka muelewane, kwa sababu mwanachama mmoja akinung'unika "huyu hana adabu" ahadi yote imevunjika. Watu wengi wenye usonji hula vyakula vichache tu, kwa sababu ya ladha, harufu au jinsi chakula kinavyohisiwa mdomoni. Anayekuja na chapati yake kwenye mkebe hajadharau mandazi yenu.

Saa nane pia inaniwasha. Ukiacha joto, mvua ya Kisumu hupenda kushuka alasiri, na mvua ya ziwa juu ya mabati hata mimi hunifanya nipaze sauti. Asubuhi ni bora. Nafahamu Jumamosi asubuhi ndugu zetu Waadventista wako ibadani, kwa hiyo ulizeni wanachama wenu kwanza. Ikishindikana tafuteni chumba chenye dari, hata kiwe kidogo.

Sasa nani asimame getini? Wewe ni mratibu mzuri, lakini ningependa kazi hiyo aichukue mmoja wa wanachama wenu wenye usonji, kama anapenda. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtu mwenye usonji hawezi kuwaelewa wengine, basi. Damian Milton, msomi Mwingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili: nasi tusio na usonji hatuwaelewi wao. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha jaribio la watu 72 waliopangwa katika minyororo ya watu 8, wa kwanza akisimuliwa hadithi ampe wa pili, wa pili ampe wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Minyororo ya watu wenye usonji watupu ilihifadhi hadithi sawa na ile ya watu wasio nao. Hadithi ilipotea haraka pale walipochanganywa. Mimi nalichukulia hivi: mgeni wenu akipokewa na mwenzake, kuna maneno mengi ambayo hayatahitaji kuelezwa.

Na huyo mpokeaji amkabidhi kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; kwa mgeni mwenye usonji, mpe jembe siku ya kwanza. Kupanga viti, kumimina chai kwenye vikombe, kuhesabu daftari. Mikono ikiwa na shughuli, mtu ana sababu ya kuwa chumbani bila kutazamwa, na mazungumzo huja pembeni ya kazi, yakitaka. Lakini iwe ni kuchagua: "Unaweza kunisaidia na viti au ukae hapa dirishani." Akichagua dirisha, msirudi kumshawishi. Akitikisa miguu, akizungusha kalamu au akijisemesha polepole, mwacheni. Anajituliza, na ni vizuri aone wanachama wengine wakifanya hivyo bila kukatazwa.

Kujitambulisha kwa zamu, kufuteni kabisa, kwa wageni na wenyeji. Wekeni kadi za kubandika kifuani zenye rangi: kijani, niko tayari kuongea, manjano, aongee nami anayenijua tu, nyekundu, naomba nisisemeshwe. Si mbinu yangu. Watu wenye usonji wenyewe, akiwemo Jim Sinclair na Donna Williams, walianzisha Autism Network International mwaka 1992, wakaanza mikutano yao ya Autreat mwaka 1996, na beji za rangi ni utamaduni uliokulia humo. Andikeni neno juu ya rangi, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Makofi badilisheni kwa kupunga mikono juu kama wafanyavyo viziwi. Na kama mna faini ya kuchelewa kama vyama vingine, mgeni asiguswe nayo. Wengine husubiri nje mpaka pumzi itulie.

Nije kwa yule mama na binti wa miaka 19, ambao ndio waliobaki moyoni mwangu. Hukuniambia, lakini najiuliza: siku ile nani aliongea na binti? Nimeona mara nyingi mno watu wakimuuliza mama, "Anaitwa nani? Anakunywa chai? Alianza kuongea lini?" na binti ameketi hapo hapo. Kisha wazazi wanaanza kusimulia taabu zao, machozi, waganga waliowaendea, jamaa waliosema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Wazazi wanahitaji mahali pa kuyatoa hayo, na ni haki yao. Ila pasiwe mbele ya watoto wao, sembuse mbele ya watu wazima wenye usonji waliokuja kutafuta wenzao na sasa wanasikia wakiitwa mzigo. Jim Sinclair aliliambia kongamano la wazazi Toronto mwaka 1993 kwamba huzuni yao haimhusu mtoto waliye naye. Inamhusu mtoto waliyemtarajia akakosekana. Watengeni: saa ya kwanza wazazi wawe na chumba chao, watu wazima wenye usonji na chao, kisha chai pamoja kwa anayetaka.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa au kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, na pia haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Binti huyo ni mtu mzima kisheria. Msalimie yeye kwanza, kwa jina, hata kama haongei kwa mdomo. Asiyesema bado anasikia. Muulizeni kama anapenda kuandika kwenye simu, kuonyesha picha, au kutumia lugha fulani: nimewajua vijana wa hapa ambao Dholuo (Kijaluo) wanakielewa, Kiswahili wanakijibu, na Kiingereza ndicho wanachoweza kukiandika wakiwa wamelemewa.

Mambo matatu ya ulinzi, kwa haraka. Msidai barua ya daktari mlangoni. Kwa mtu mzima huku kwetu kupata uchunguzi ni safari ndefu na ya gharama, na wanawake wengi hutambuliwa wakiwa wameshalea watoto. Pia msipige picha za wageni wala kuzirusha kwenye simu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti, na kuna wageni ambao hata nyumbani hawajasema wanakokwenda. La tatu, wageni ndio windo la wauza tiba. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya dhidi ya maji ya klorini daioksidi yanayouzwa kama tiba ya usonji. Ni kemikali ya kupaukisha vitu, na mtu akiinywa huumia. Mtu yeyote akisimama kikundini kwenu na chupa au na unabii wa uponyaji wa kulipia, mketisheni.

Kuhusu wale 7, usiwapigie. Simu inayolia ghafla ni swali jingine linalotaka jibu hapo hapo, na huenda mama yule haishiki kwa sababu hiyo tu. Andika ujumbe mmoja mfupi usio na alama ya kuuliza: kwamba mlifurahi walipokuja, kwamba mapokezi yalikuwa ya kelele na mmeyabadilisha, yamebadilika nini hasa, na kwamba hawahitaji kujibu. Kwa mama tuma wake, na umwombe amfikishie binti ujumbe wa kwake mwenyewe, ulioandikwa kwa jina lake. Usitume tena kabla miezi 2 haijapita. Na kwa kijana yule ongeza sentensi moja, kwamba kiti cha chini ya mwembe sasa kimewekwa rasmi na mtu anaweza kuhudhuria mkutano mzima akiwa pale.