Kutafuta sauti za Waingereza wa kawaida, 1930–1955

Ndugu yangu, nimekuelewa: tasnifu yako inahusu maisha ya wafanyakazi wa Uingereza, lakini kila unachosoma kinaishia kwa Churchill na mawaziri wake. Usibadilishe mada. Ni nzuri mno.

Anza na Mass Observation, mradi ulioanzishwa 1937. Watu wa kujitolea waliandika shajara za siku zao: foleni za nyama, ugomvi wa nyumbani, hofu ya mabomu. Nyaraka zake ziko The Keep, kituo cha kuhifadhi nyaraka karibu na Brighton. Zisome kwa jicho kali, kwani waandishi wengi walikuwa wa tabaka la kati, na mama wa kiwandani mara nyingi anaelezwa na mtu mwingine. Kwa hiyo zisome pamoja na mahojiano ya simulizi, ambamo wafanyakazi wanaeleza maisha yao wenyewe. Maktaba nyingi za miji ya viwanda zinayo.

Kuhusu sensa, usipoteze muda kutafuta ya 1931 ya England na Wales: iliungua 1942. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Tumia daftari la usajili wa wakazi la Septemba 1939, lililotumika kutolea vitambulisho na, baadaye, vitabu vya mgao wa chakula. Mgao wenyewe ulidumu hadi 1954, na hapo ndipo ningejenga sura nzima.

Kabla ya kulipia tovuti yoyote ya nyaraka, mwandikie mtunza nyaraka umweleze swali lako. Na ukitaka kutaja majina ya watu ambao huenda bado wako hai, pata kwanza idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako.