Nyaraka ziko mbali, nitazipataje?

SWALI: Mhariri habari, nafanya utafiti na mafaili ninayoyataka yako kwenye hifadhi ya nyaraka nchi nyingine, nauli sina. Naweza kuomba wayaskani wanitumie kwa imeili?

JIBU: Inawezekana kabisa, ila usiombe tu "kila kitu kuhusu reli", hawatajua waanzie wapi. Ingia kwanza kwenye katalogi yao mtandaoni utafute namba ya faili, hiyo ndo ufunguo, mfano pale Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, Uingereza, barua za serikali ya kikoloni kuhusu Kenya ziko chini ya CO 533 (hiyo ni namba ya kundi zima la mafaili, CO ni Colonial Office, yaani Wizara ya Makoloni) na bado lazima utaje namba ya faili lenyewe. Halafu wakuhesabie kurasa na bei kabla hujalipa, maana faili linaweza kuwa nene hivi na wewe unataka barua mbili tu. Waambie waskani kwa rangi, dipiai (kipimo cha ung'avu wa picha) 300 au zaidi, na PANDE ZOTE MBILI za karatasi, watu wanasahau sana hili na huko nyuma ndo kuna mihuri na maneno ya penseli yaliyofifia, inauma kweli kuyakosa. Foleni ikiwa ndefu, uliza kama wana orodha ya watafiti wa kujitegemea wanaopiga picha kwa malipo.